Nani Aliteka Zaidi? Jinsi ya Kulinganisha Majemadari wa Kale, Hatua kwa Hatua

Kila ninapofundisha habari za Alexander Mkuu, kipindi hakiishi kabla mwanafunzi mmoja hajanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu na Genghis Khan nani zaidi?" Mwingine hudakia Hannibal, wa nyuma humtaja Khalid bin Walid, na darasa linageuka kijiwe. Swali lenyewe ni zuri. Tunaliharibu kwa namna tunavyolijibu: kila mtu huchukua sifa moja ya jemadari wake na kuipambanisha na sifa nyingine kabisa ya jemadari wa mwenzake, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na ushindi.

Hapa nakuonyesha namna ya kufanya kazi hiyo kwa kalamu na ramani. Mfano wangu una watu watatu: Koreshi wa Uajemi, ambaye vitabu vya kigeni humwita Cyrus na wasomaji wa Biblia wanamjua kutoka Ezra na Isaya, Alexander wa Makedonia, na Genghis Khan wa Wamongolia. Ukishaielewa njia, waweke wa kwako.

Vitu vya kuandaa

- Daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila jemadari. Gawa kila ukurasa sehemu sita: alichorithi, alichoteka mwenyewe, adui zake, muda, watu walioangamia, kilichobaki.
- Atlasi yenye ramani za maumbile. Unahitaji kuona milima, mito na majangwa, kwa kuwa mipaka ya nchi za leo haikuwapo.
- Karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, uliyoichora miraba ya sentimita 1 kwa 1.
- Kikokotoo cha simu.
- Vyanzo viwili au zaidi kwa kila mtu. Kimoja kiwe cha upande ulioshindwa, kama kipo.
- Jioni mbili zisizo na haraka.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nani zaidi?" haipimiki. Chagua mojawapo: nani aliteka eneo kubwa zaidi, nani aliteka kwa kasi zaidi, nani alifika mbali zaidi akilinganishwa na nguvu alizoanza nazo, ushindi wa nani ulidumu. Liandike juu ya ukurasa na usilibadilishe katikati ya safari. Wengi hukimbilia la kwanza kwa sababu lina tarakimu. Mimi naona la tatu ndilo linalomfunua mtu mwenyewe, na ndilo nitakaloliegemea.

Hatua ya 2: Weka tarehe mbili, ya kuanza na ya kukoma

Koreshi: 550 KK, alipomshinda Astyages mfalme wa Wamedi, hadi kifo chake mwaka 530 KK. Alexander: 334 KK, alipovuka kuingia Asia, hadi kifo chake Babeli mwaka 323 KK. Genghis Khan: 1206, alipotangazwa mkuu wa makabila yote ya nyika, hadi 1227.

Onyo: miaka ya KK huhesabiwa kurudi nyuma, na hapo wanafunzi wengi huteleza. Alexander alizaliwa 356 KK katika majira ya joto na kufa Juni 323 KK. Ukitoa unapata 33, lakini alikuwa hajaifikia siku yake ya kuzaliwa. Alikufa na miaka 32. Tena, ukivuka kutoka KK kuingia BK punguza mwaka mmoja, maana mwaka sifuri haukuwapo. Kutoka 30 KK hadi 30 BK ni miaka 59.

Hatua ya 3: Ondoa alichorithi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nami nakuomba uipe muda kuliko nyingine zote.

Anza na Alexander. Alipopanda kiti mwaka 336 KK akiwa na miaka 20, baba yake Philip II alikuwa amekwisha kulijenga jeshi kwa zaidi ya miaka 20. Mikuki mirefu ya mita 5 na zaidi iliyoshikwa kwa mikono miwili, kikosi cha wapanda farasi wa kifalme, mafundi wa mitambo ya kuvunjia kuta: yote hayo aliyakuta. Ugiriki ilikuwa imeshapigwa magoti kule Chaeronea mwaka 338 KK. Hata kikosi cha kwanza cha kuivamia Asia kilivuka mwaka 336 KK kwa amri ya Philip, kabla hajauawa. Mwana alichoongeza ni ujasiri wake, kasi yake na akili ya uwanja wa vita, na hayo si madogo. Ila nyumba aliikuta imeezekwa.

Sasa Genghis. Jina lake la utotoni ni Temüjin. Baba yake, Yesügei, alipewa sumu na Watatari mtoto akiwa na miaka kama tisa, na watu wa ukoo wakaondoka na mifugo wakamwacha mama yake, Hoelun, na wanawe nyikani. Hakurithi jeshi wala mji. Jeshi lililoteka Bukhara, mji wa Asia ya Kati, alilijenga mwenyewe: aliwavunja watu kutoka koo zao akawapanga upya kwa makumi, mamia, maelfu na makumi ya maelfu, ili askari amtii mkuu wake wa kikosi kuliko mjomba wake. Na wakuu hao aliwachagua kwa uwezo. Jebe, mmoja wa majemadari wake mashuhuri, aliwahi kupigana upande wa adui zake.

Koreshi yuko kati yao. Alikuwa mfalme wa Anshan, nchi ndogo kusini mwa Iran ya leo, chini ya kivuli cha Wamedi. Kumbukumbu za Babeli zinasema Astyages alipomwendea vitani, jeshi la Astyages lenyewe liliasi na kumkabidhi mfalme wao kwa Koreshi. Kwa siku moja akapata dola nzima iliyokwisha kujengwa na wengine. Iandike chini ya "alichoteka", lakini weka alama pembeni kwamba mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Hatua ya 4: Ondoa kilichotekwa na watoto na wajukuu

Utasikia kwamba Genghis Khan aliteka kilomita za mraba milioni 24. Si yeye. Ukubwa huo ulifikiwa zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake. Vita dhidi ya dola ya Jin, kaskazini mwa Uchina, alivianza 1211 na havikuisha hadi 1234, chini ya mwanawe Ögedei. Baghdad iliangushwa na mjukuu wake Hulagu mwaka 1258. Uchina wa kusini uliangushwa na mjukuu mwingine, Kublai, mwaka 1279. Mzee mwenyewe aliacha milki inayokadiriwa karibu milioni 13, ambayo bado ni kubwa mno.

Fanya vivyo hivyo kwa Koreshi. Misri haikuwa yake. Ilitekwa na mwanawe Cambyses mwaka 525 KK. Nimeona ramani nyingi za "dola ya Koreshi" zilizopakwa rangi hadi Mto Nile, na hilo ni kosa.

Hatua ya 5: Pima eneo

Weka karatasi yako ya miraba juu ya ramani, hesabu miraba iliyofunikwa kwa nusu au zaidi, kisha zidisha. Katika ramani ya kipimo cha 1:20,000,000, sentimita moja ni kilomita 200, hivyo mraba mmoja ni kilomita za mraba 40,000. Kabla ya kuamini kazi yako, jaribu kwanza kwenye nchi unayoijua. Tanzania ina takribani kilomita za mraba 945,000, kwa hiyo unapaswa kupata miraba 23 au 24. Ukipata 30, rudia.

Onyo: angalia aina ya ramani. Zile za ukutani zilizochorwa kwa mtindo wa Mercator huvimbisha nchi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Kwenye nyuzi 45 kaskazini eneo huonekana mara mbili ya uhalisi wake, na kwenye nyuzi 60 huonekana mara nne. Maana yake nyika za Wamongolia zinafutuka, huku Misri na Bara Hindi zikibaki karibu na ukubwa wao. Tafuta kwenye atlasi ramani iliyoandikwa kwamba maeneo yake ni sawia.

Milki ya Alexander hukadiriwa kuwa kilomita za mraba milioni 5.2, kama Tanzania tano na nusu. Sasa ziite tena zile tarehe za hatua ya 2, utaona jambo la ajabu. Gawanya milioni 5.2 kwa miaka 11: karibu 470,000 kwa mwaka. Gawanya milioni 13 kwa miaka 21 ya Genghis: karibu 620,000. Genghis anaongoza kwa kasi. Lakini ukianza kumhesabia tangu mwishoni mwa miaka ya 1180, alipokuwa akipigana na makabila ya nyika ili kuyaunganisha, miaka inakaribia 40 na kasi inashuka hadi kama 330,000. Mshindi amebadilika, na hakuna askari hata mmoja aliyesogea. Ndiyo maana nakusisitiza uandike tarehe yako ya kuanzia na sababu ya kuichagua.

Jambo moja zaidi kuhusu eneo. Kilomita ya mraba ya nyika yenye mahema machache haifanani na kilomita ya mraba ya bonde la Nile lenye mashamba, maghala na waandishi wa kodi. Kando ya kila sehemu iliyotekwa andika N kwa nyika au jangwa, S kwa mashamba, M kwa miji yenye kuta. Zile M ndizo ngumu.

Hatua ya 6: Mchunguze adui

Jiulize maswali matatu: walikuwa wangapi, walikuwa wameungana, na walikuwa na afya?

Alexander alipambana na dola moja yenye mfalme mmoja. Dario III wa Uajemi aliingia madarakani mwaka uleule Alexander alipopanda kiti, 336 KK, baada ya mauaji ndani ya jumba la kifalme, na Misri ilikuwa imerudishwa chini ya Uajemi miaka michache tu kabla. Baada ya kumshinda Dario katika vita vya Gaugamela, mwaka 331 KK, Babeli na Susa zilimfungulia malango, naye akawaacha baadhi ya maliwali wa Kiajemi kwenye viti vyao. Akarithi barabara, hazina na daftari za kodi. Usimwonee lakini: mji wa Tiro, uliokuwa kisiwani, ulimshikilia miezi saba mwaka 332 KK hadi akajenga njia ya mawe baharini. Mchanga ukajikusanya juu ya njia hiyo, na hadi leo Tiro si kisiwa tena. Huko Sogdiana, Asia ya Kati, nako alipigana karibu miaka mitatu na watu waliokataa kukusanyika mahali pamoja ili wapigwe.

Genghis alikuwa na adui wa aina tofautitofauti: Xi Xia, dola ya kaskazini-magharibi mwa Uchina, Jin wenye miji yenye kuta nene, kisha Khwarazm upande wa Waislamu wa Asia ya Kati. Wapanda farasi wake hawakujua kuvunja kuta. Walijifunza kwa kuwachukua mafundi wa Kichina, na mwaka 1215 wakaingia Zhongdu, Beijing ya leo. Khwarazm ilikuwa kubwa lakini changa na yenye mgawanyiko, na shah wake aliyatawanya majeshi yake ndani ya miji badala ya kupigana uwanjani. Bukhara na Samarkand zote zilianguka mwaka 1220.

Kipimo cha afya ya adui kinawahusu pia majemadari wa Kiislamu. Ushindi wa Yarmuk mwaka 636, aliouongoza Khalid bin Walid, ulikuja baada ya Warumi wa Mashariki na Waajemi kuchinjana tangu 602 hadi 628. Kulitaja hilo hakumpunguzii Khalid heshima. Ni sehemu ya hesabu, kama ulivyoitaja hali ya Dario.

Hatua ya 7: Zichuje idadi za askari

Arrian, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika karibu miaka 450 baada ya Gaugamela, anataja askari wa miguu milioni moja wa Dario. Usiiingize namba hiyo daftarini kama ilivyo. Uliza: walikula nini, walikunywa wapi, farasi walilishwa na shamba gani? Wanahistoria wa leo hukadiria makumi ya maelfu, na wengine hufika laki moja hivi. Jeshi la Alexander lenyewe lilipovuka lilikuwa kama elfu 40.

Onyo: mshindi anayeandika habari zake mwenyewe ana sababu ya kumkuza adui. Julius Caesar aliandika vita vyake vya Gaul, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake, kwa mkono wake, akasema Wahelvetii walioondoka kwao walikuwa 368,000, na kwamba 110,000 tu ndio waliorudi. Andika namba kama hizo pamoja na jina la aliyezisema: "Caesar anadai".

Hatua ya 8: Hesabu walioangamia

Kuna wanaoniambia niiache hatua hii kwa sababu inaharibu ladha ya mjadala. Siiachi. Kila mraba uliouhesabu ulikuwa na watu.

Thebes, mji wa Wagiriki wenzake, Alexander aliubomoa mwaka 335 KK. Waandishi wa kale wanataja waliouawa 6,000 na waliouzwa utumwani 30,000. Tiro ilipoanguka, 30,000 wengine wakauzwa. Merv, mji wa vitabu na bustani, ulifutwa na Wamongolia mwaka 1221. Juvayni, aliyewatumikia Wamongolia wenyewe, anataja waliouawa milioni 1.3, Ibn al-Athir anataja laki 7. Namba hizo zote mbili huenda zinazidi watu ambao mji ungeweza kuwabeba, lakini kwamba mji uliangamizwa hakuna ubishi.

Kwa Koreshi tuna somo zuri la vyanzo. Gogo dogo la udongo lililoandikwa kwa amri yake, ambalo leo liko kwenye Makumbusho ya Uingereza jijini London, linasema aliingia Babeli mwaka 539 KK bila vita na watu wakamshangilia. Ni kweli mji wenyewe haukupigwa. Lakini kumbukumbu za Wababeli zinaeleza vita na mauaji kule Opis, siku chache kabla. Anayesoma gogo peke yake anamwona mkombozi tu.

Ukitaka mfano wa mshindi aliyeandika hatia yake mwenyewe, msome Ashoka wa Bara Hindi. Aliandika kwenye mwamba kwamba katika kuiteka Kalinga watu laki moja waliuawa na laki moja na nusu wakahamishwa, na kwamba jambo hilo linamhuzunisha. Sijakutana na mwingine aliyefanya hivyo.

Hatua ya 9: Tazama kilichobaki baada ya miaka 10, 50 na 100

Dola ya Alexander ilianza kugombaniwa na majemadari wake mara tu alipokufa, na baada ya vita vya Ipsus mwaka 301 KK umoja wake ulikuwa umekwisha, ingawa Waptolemayo walitawala Misri hadi 30 KK. Dola ya Koreshi ilisimama tangu 550 hadi 330 KK, miaka 220, ikiwaacha watu na dini zao na lugha zao. Ya Genghis iliendelea kukua kwa vizazi viwili kabla ya kugawanyika. Tawi la Uchina lilianguka 1368.

Mpime hapohapo Timur, jemadari wa Asia ya Kati aliyekuja baada ya Wamongolia. Aliingia Delhi 1398, Damascus 1401, akamkamata sultani Bayezid kule Ankara 1402. Ukitazama orodha ya miji utamweka juu. Ukitazama alichokishika, utakuta nchi nyingi alizipiga, akachukua mafundi na mali kupeleka Samarkand, akaondoka.

Hatua ya 10: Andika hukumu yenye masharti

Yangu inasomeka hivi: "Kwa kupima alikofika dhidi ya alikoanzia, Genghis Khan ndiye wa kwanza, kwa kudumu, Koreshi, kwa kasi ya vita vya mtu mmoja, Alexander, mradi nimhesabie Genghis na miaka ya nyika." Kama hukumu yako haina neno "kwa" wala "mradi", rudi hatua ya 1.

Ukikwama

*Majina hayalingani.* Genghis, Jenghis na Chinggis ni mtu mmoja. Timur ndiye Tamerlane. Koreshi, Cyrus na Kurush ni mmoja. Yaandike yote ukurasa wa kwanza.

*Vyanzo vinatoa maeneo tofauti.* Kawaida tofauti hutokana na kuhesabu au kutohesabu jangwa na nchi zilizolipa kodi tu. Chukua ya chini na ya juu, weka zote mbili.

*Mtu wangu hakuwa mfalme.* Khalid alitumwa na makhalifa Abu Bakr na Umar, na Umar alimwondoa katika uongozi. Belisarius aliiteka Carthage mwaka 533 kwa askari kama 15,000 kwa niaba ya Justinian, kaisari wa Warumi wa Mashariki. Walinganishe wao kwa wao, jemadari kwa jemadari. Ukiwaweka na wafalme, safu ya "alichorithi" itakudanganya.

*Nimweke wapi Hannibal, jemadari wa Carthage?* Vita vya Cannae, mwaka 216 KK, ni ushindi mkubwa wa uwanjani, lakini Roma hakuipata. Huyu ni wa daftari la mapigano, si la nchi zilizotekwa.

*Je, Dhul-Qarnayn wa Qur'ani ndiye Alexander?* Wafasiri wametofautiana tangu zamani, na wapo wanaomtaja Koreshi. Usichanganye masimulizi hayo na tarehe za kampeni. Yape ukurasa wake.

*Nataka Mwafrika.* Wapo, na vyanzo vyao ni vya kusisimua. Piye wa Kush alipanda kutoka Sudan ya leo akaiteka Misri katika karne ya 8 KK, na jiwe lake la ushindi lilipatikana Jebel Barkal; humo anakasirika kwa kukuta farasi wa mfalme aliyeshindwa wameachwa na njaa. Ezana wa Aksum aliacha maandishi ya vita vyake kwenye mawe, katika karne ya 4 BK.

*Jemadari wangu hana maandishi ya wakati wake.* Sundiata Keita, aliyemshinda Sumanguru kule Kirina mnamo 1235, tunamjua hasa kwa vinywa vya wasimulizi wa Mali, pamoja na mistari michache ya Ibn Khaldun wa karne ya 14. Masimulizi hayo hutofautiana kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine, hivyo sikiliza zaidi ya mmoja, pigia mstari yanayokubaliana, na safu ya eneo ijaze kwa penseli.